Wanafunzi wale wale, walimu wengine
Kimbunga Katrina kilipoizamisha New Orleans, Marekani, mwaka 2005, maji yalipungua lakini walimu wengi hawakurudi darasani. Wafanyakazi zaidi ya 7,000 wa shule za umma waliachishwa kazi, na shule zikakabidhiwa, moja baada ya nyingine, kwa bodi binafsi zinazoziendesha kwa mkataba, kwa fedha zile zile za walipa kodi. Wanafunzi hawakubadilika sana: wengi mno ni Weusi, wengi wa familia za kipato cha chini. Walimu ndio waliobadilika. Mwaka 2005 walimu Weusi walikuwa asilimia 71. Kufikia 2014 walikuwa wamebaki asilimia 49. Nafasi nyingi zilijazwa na vijana waliomaliza chuo juzi, wakiwamo wa shirika la Teach For America, wanaofunga mkataba wa miaka 2 tu. Watetezi wa mfumo huu wa mikataba husema alama za mitihani zilipanda, na kweli zilipanda. Hata hivyo, mwalimu aliyemfundisha mama, na sasa anamfundisha mwana (akijua hata nyumbani kwao), hapatikani kwa tangazo la kazi. Bodi hizo, zinapotangaza alama, zitangaze pia ni walimu wangapi wamevuka mwaka wa tano kazini.