Karipio mbele ya wagonjwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe dukuduku langu kuhusu lugha ambayo baadhi ya wakubwa wa hospitali huwatolea walio chini yao.

Nilikuwa nikimuuguza mama yangu katika hospitali moja. Muuguzi kijana alichelewa kuleta faili. Mkubwa wake akamwita mjinga mbele ya wodi nzima. Usiku dripu ya mama iliacha kupita, mkono ukavimba. Kijana yule alijaribu kuiweka upya akashindwa. Nilimsihi amwite mkubwa wake, akasita. Aliogopa kutukanwa tena. Mama alivumilia hadi zamu ilipobadilika.

Ndugu wasomaji, matusi ya kazini mwisho wake humfikia mgonjwa. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971, kifungu cha 15, ulikataza viongozi kuwa na majivuno na dharau. Fundisho hilo halijapitwa na wakati.

Mwenye kosa aonywe, hata aadhibiwe ikibidi, lakini aitwe pembeni na kwa lugha ya heshima. Muuguzi asiogope kuomba msaada.

Mkazi wa Buzwagi,
Kahama.