Kuhesabu Vidonge Si Kupambana na Kichocho

Imekuwa desturi katika baadhi ya ofisi kwamba kampeni ya kichocho ikimalizika, huandikwa taarifa ya idadi ya vidonge vilivyogawiwa na asilimia ya watoto waliovimeza. Taarifa hupigwa mhuri, huwekwa jaladani, na kazi huhesabiwa kuwa imekwisha. Lakini idadi ya vidonge si idadi ya maini yaliyookolewa. Anayetaka kujua sababu hana budi kuvielewa vita vinavyopiganwa ndani ya mwili wa mtoto wa Ukerewe, Sengerema au kwingineko kandokando ya Ziwa Victoria.

Wapo wanaodhani kwamba minyoo hula ini. Wapo pia ambao, wamwonapo mtu aliyevimba tumbo, husema amerogwa. Yote mawili ni upotofu. Mnyoo mkomavu wa kichocho cha tumbo hukaa katika mishipa ya damu inayozunguka matumbo. Humo hujivika protini za mwenyeji wake, mfano wa mhalifu aliyevaa sare ya askari, na chembe nyeupe za damu humpita bila kumtambua. Huweza kuishi hivyo kwa miaka mingi. Jike hutaga mayai yapatayo 300 kila siku. Yai hupaswa kupenya utumbo na kutoka na kinyesi. Lakini takriban nusu ya mayai hayatoki. Mengi kati ya hayo husombwa na damu hadi kwenye ini na kunaswa humo.

Yai halina sare. Hutoa sumu, na kinga ya mwili hushtuka. Chembe za T, ambazo ndizo makamanda wa kinga, hubadili mbinu zake kuanzia kama wiki ya tano au ya sita, mayai yanapoanza kutagwa. Huziita chembe za eosinofili na makrofaji, nazo hulizingira yai na kulijengea ukuta. Yai hufa baada ya wiki chache, lakini mahali pake hubaki kovu. Kovu moja si kitu. Makovu maelfu kwa maelfu, mwaka baada ya mwaka, huibana mishipa ya ini. Mwaka 1904 Symmers, daktari aliyefanya kazi Cairo, aliyafananisha makovu hayo na mabomba ya viko vya udongo. Damu ikikosa njia, wengu huvimba, mishipa ya umio hutuna, na siku moja mgonjwa hutapika damu. Wengi hufa hivyo.

Je, lawama ni ya askari wa mwili? La hasha! Katika majaribio ya maabara, panya wasio na chembe za T hawakuweza kujenga ukuta imara. Sumu ya mayai ikaziua chembe za ini, nao wakafa mapema. Tena, yai lenyewe huitumia kinga ya mwenyeji ili lipate kutoka. Utafiti wa waosha magari wa Kisumu, uliochapishwa mwaka 1997, ulionyesha kwamba wenye virusi vya UKIMWI, ambao kinga yao imedhoofishwa, walitoa mayai machache kuliko wenzao. Basi, mwili usipojenga ukuta huumia, na ukijenga huumia. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ini linalazimika kuujenga ukuta huo kwa sababu ufa umeachwa wazi huko nje, ziwani.

Hapana anayesema kwamba dawa iachwe. Prazikwanteli huua minyoo mikomavu, hupunguza mayai, na makovu machanga huweza kunywea. Lakini haiui minyoo michanga, wala haimkingi mtoto anayerudi majini kesho yake. Aidha, mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba mahali ambapo watu 10 au zaidi katika kila 100 wameambukizwa, watibiwe wote kuanzia umri wa miaka 2. Je, mvuvi yumo katika orodha ya shule? Mama afuaye nguo ziwani yumo? Mdogo wake mwanafunzi, anayeogeshwa papo hapo, yumo?

Wapo watendaji wanaojibu kwamba wananchi ni wachafu. Hiyo ni kasumba ya kumlaumu mnyonge. Mwanafunzi ambaye shule yake haina choo atakwenda wapi? Mama asiye na bomba wala kisima atachota wapi? Kinyesi kikifika majini, yai huanguliwa, kiluwiluwi humtafuta konokono, na kutoka kwa konokono hutoka viluwiluwi vingine vinavyopenya ngozi ya binadamu. Mnyororo huo haukatwi kwa matusi. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni 2 walikaa katika vikundi kandokando ya redio, wakajadili magonjwa yao, kisha wakashika majembe na kuchimba vyoo. Hawakuitwa wachafu, waliitwa wajifunze na watende.

Kwa hiyo, taarifa ya kichocho isiyotaja matundu ya vyoo yaliyochimbwa, vituo vya maji vinavyofanya kazi na watu wazima waliotibiwa ni taarifa ya nusu ya kazi, na mkubwa wa ofisi anayeipokea bila kuuliza ni mshiriki katika uzembe huo. Mwalimu anayempima mtoto kwa kijiti cha urefu ili ajue kiasi cha dawa anafanya kazi ya heshima. Anastahili kuungwa mkono na Halmashauri inayojenga choo nyuma ya darasa lake. Chembe za mwili wa mtoto zimekwisha kutimiza wajibu wake, hata kwa gharama ya ini lenyewe. Wenye kalamu na mihuri nao watimize wa kwao.