Mwanafunzi wa Pwani na Msitu wa Rondo

Aghalabu shule za Lindi na Kilwa zinapoazimia kuwatembeza wanafunzi wao, huwavusha kwenda Kilwa Kisiwani, wakauone Msikiti Mkuu na magofu ya Husuni Kubwa. Na ni haki iwe hivyo, kwani mji ule, ulioingizwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 1981, ni fahari yetu sisi kabla ya kuwa fahari ya mtu mwingine yeyote. Walakini mtoto aliyeishia kwenye magofu amepata nusu tu ya habari za pwani yake. Nusu ya pili iko bara kidogo, juu ya uwanda wa Rondo, katika msitu ambao alfajiri hufunikwa na ukungu, na rai yangu ni kwamba kila mwanafunzi wa sekondari katika mkoa huu apate, kabla hajamaliza masomo, walau mwisho wa juma mmoja wa kwenda kulala huko.

Ukungu wenyewe ni somo. Upepo utokao Bahari ya Hindi, ukiwa umebeba unyevu, hupita juu ya mashamba ya minazi na mikorosho bila ya kuacha kitu, hata ufikapo kwenye ukingo wa uwanda, ambapo hauna budi kupanda. Nao ukipanda hupoa, na ukipoa, ule unyevu uliokuwa hauonekani hugeuka wingu linalotambaa baina ya matawi na kudondoka juu ya majani. Rondo haifiki mita 1,000, wala simwambii mtu ailinganishe na milima ya Uluguru, inayopita mita 2,600 na kuulisha mto Ruvu ambao Dar es Salaam huutegemea kwa sehemu kubwa ya maji yake. Lakini katika nchi yenye kiangazi kirefu kama hii yetu, kimo hicho kidogo chatosha kuupa msitu ubichi wake wakati bonde la Lukuledi, lililo chini yake upande wa kusini, limekwisha kuwa la manjano. Mwalimu aweza kuyaeleza haya ubaoni kwa dakika kumi, na mwanafunzi akayanakili yote sawasawa asiyasadiki. Ilhali yule aliyeondoka Lindi Ijumaa na joto lake, akaamka Jumamosi kule juu anatetemeka na nywele zake zimelowa bila ya mvua kunyesha, hahitaji kusadikishwa.

Kisha kuna usiku. Sisi watu wa pwani twamjua komba kwa sauti yake na kwa uhodari wake wa kunywa tembo la mgema minazini, lakini ni wachache wanaojua kwamba msitu wa Rondo una komba aliyepewa na wataalamu jina la mahali hapo hapo, mnyama mdogo mno, mwenye uzito wa kiasi cha gramu 60 na mkia wenye manyoya yaliyosimama kama brashi ya kusafishia chupa. Makazi yake ni vipande vichache vya misitu ya pwani ya Tanzania, vilivyo mbalimbali, na mwaka 2006 aliingia katika orodha ya wanyama 25 wa jamii ya kima na nyani walio hatarini kuliko wote duniani. Makomba wadogo hufanana sana, hata wanaowachunguza huwapambanua kwa milio yao zaidi kuliko kwa sura zao. Kwa hiyo mwanafunzi hana njia ya kumjua ila kukaa kitako gizani, simu imezimwa, akisikiliza kwa subira. Ni taaluma ambayo darasa la watu sitini haliwezi kuifundisha.

Na asidhani mtu kwamba msitu ni jambo la watu wa bara, lisilowahusu wenye mji. Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331, aliusifu uzuri wa mji na kusimulia kuwa ulijengwa kwa miti. Hata majumba ya mawe yalihitaji kuni za kuchomea matumbawe ili kupata chokaa, na boriti za mikoko za kubebea dari. Katika karne ya 19 majahazi yalipakia sandarusi, utomvu wa kale ulioganda ardhini, ikapitia Unguja na kufika Salem kule Marekani na Hamburg kule Ujerumani, ikafanywa vanishi. Ukafuata mpira uliogemwa porini katika bara ya Kilwa na Lindi. Kwa hiyo mtoto anayesimama Husuni Kubwa akastaajabia kuta, asiambiwe habari za miti, ameelezwa utajiri bila ya kuelezwa asili yake.

Rondo pia yafundisha hasara. Baada ya Vita Kuu ya Pili mivule mikubwa ya uwanda ule ilikatwa kwa wingi, na mahali pengine leo pamesimama safu za misaji na misindano zilizopandwa kwa mstari, ambamo mtu hutembea kwa nafasi na kuona mbali. Mwanafunzi na apitishwe kote kuwili, asubuhi moja, katika shamba la miti na katika msitu wa asili unaohifadhiwa na Wakala wa Huduma za Misitu, kisha aulizwe amesikia ndege wangapi huku na wangapi kule. Afisa misitu aseme yake, na mzee wa Kimwera aseme yake, maana majina ya miti na dawa zake yamo kifuani mwa wazee hao, nao wanaondoka mmoja mmoja.

Najua nitakavyojibiwa: fedha hakuna, na mitihani iko karibu. La mitihani silikubali, kwani jiografia, biolojia na historia zote zimo katika siku mbili hizo. La fedha ni la kweli, walakini si la kushinda. Vijiji vya Kilwa vimekwisha kutuonyesha kuwa msitu waweza kulipa bila ya kufyekwa: mwaka 2009 Kikole na Kisangi, vyenye mipingo, vilipata cheti cha kimataifa cha usimamizi bora, cha kwanza Afrika kwa misitu ya asili iliyo mikononi mwa wanakijiji. Halmashauri zinazopokea ushuru wa mazao ya misitu zina wajibu wa kutenga sehemu yake, hata iwe ndogo, kwa ajili ya basi na chakula cha wanafunzi. Wale wa kaskazini ya Kilwa, ambao Rondo iko mbali nao, waende kwenye vilima vya Umatumbi, wafike Kipatimu na Nandete, mahali ambapo Julai 1905 pamba iling'olewa na Vita vya Majimaji vikaanza. Huko msitu na historia havitenganishiki.

Jambo moja nalisisitiza kwa maafisa elimu. Safari za namna hii zikianza, wa kwanza kuachwa nyuma huwa mabinti, kwa kuwa wazazi huogopa kuwalaza mbali na nyumbani, na hofu hiyo si ya kudharauliwa. Basi walimu wa kike waandamane nao, malazi yakaguliwe mapema, na mzazi mmoja au wawili waalikwe kufuatana na kundi. Na idadi ya mabinti katika basi iwe sawa na ya wavulana tangu safari ya kwanza kabisa.