Kadi ya Njano Haina Stakabadhi

Msimu wa 2016/17 Ligi Kuu Bara ilimalizika Yanga na Simba wakiwa wamefungana kwa pointi 68. Yanga wakabeba kombe kwa tofauti ya mabao. Hilo kila mtu analikumbuka. Ambalo wengi wamelisahau, au wanajifanya wamelisahau, ni kwamba wiki chache kabla ya hapo Simba walipewa pointi tatu za mezani, wakanyang'anywa mezani hapohapo, na chanzo cha yote kilikuwa kadi moja ya njano ambayo nchi nzima ilishindwa kukubaliana kama iliwahi kutolewa.

Naisimulia upya kwa faida ya waliokuwa wadogo. Aprili 2, 2017, Kagera Sugar waliifunga Simba 2-1 pale Kaitaba, Bukoba. Simba wakalalamika kwamba beki wa Kagera, Mohamed Fakhi, hakustahili kuwepo uwanjani kwa sababu alikuwa na kadi tatu za njano, na kwa kanuni za wakati ule mwenye kadi tatu alikaa nje mchezo unaofuata. Moja ya kadi hizo, walisema, aliipata mwezi Januari dhidi ya African Lyon. Kagera wakaruka futi mia: kadi hiyo haipo. Kamati ya Saa 72 ikaipa Simba pointi. Kagera wakaomba shauri lipitiwe upya, na Kamati ya Katiba, Sheria na Hadhi za Wachezaji ikawarudishia pointi zao, kwa hoja zilizojikita zaidi kwenye taratibu za kuwasilisha na kusikiliza malalamiko. Msemaji wa Simba wakati huo, Haji Manara, akasema aliyoyasema, akafungiwa. Na kadi yenyewe? Wakaiacha palepale ilipo, hewani.

Piga hesabu mwenyewe. Sitini na nane na tatu ni sabini na moja.

Kabla hujaniuliza kama mimi ni wa Msimbazi au wa Jangwani, nijibu kabisa: mimi ni mtu wa Lindi, timu yangu ni Namungo, na kombe la mwaka ule halinihusu. Kinachonihusu ni ile kadi. Maana kadi ya njano ni kitu kinachoinuliwa juu, mchana kweupe, mbele ya wachezaji 22, makamisaa, makocha, na maelfu ya watu waliolipa kiingilio. Iliwezekanaje watu wazima wakakaa vikao viwili kubishana kama ilitoka au haikutoka?

Na ubaya ni kwamba kadi ilibuniwa ili swali hilo lisiulizwe tena. Mwaka 1966, kwenye robo fainali ya Kombe la Dunia kati ya Uingereza na Argentina, mwamuzi alikuwa Mjerumani, wachezaji wanaongea lugha zao, na mchezo ulivurugika. Nahodha wa Argentina, Antonio Rattín, alitolewa na hakutaka kutoka. Baada ya mchezo magazeti yakaandika kwamba Bobby Charlton na kaka yake Jack walikuwa wameonywa, ilhali uwanjani jambo hilo halikuwekwa wazi, mpaka kocha wao akaenda FIFA kuuliza. Ken Aston, mwalimu wa shule aliyekuwa akisimamia waamuzi wa mashindano yale, akiwa kwenye gari akasimama kwenye taa za barabarani. Njano, jiandae. Nyekundu, simama. Kombe la Dunia la 1970 kule Mexico kadi zikaanza kazi. Sisi mwaka 2017 tulifanikiwa kurudi 1966, tena kadi tunazo mfukoni!

Hapa ndipo ugomvi wangu na wanaosimamia ligi unapoanzia. Wanadhani kadi ni kile kipande cha plastiki. Kile ni nusu tu. Nusu ya pili ni maandishi: jina, namba, dakika, sababu, vinavyoandikwa kwenye kijitabu cha mwamuzi na kisha kwenye ripoti yake. Plastiki inarudi mfukoni baada ya sekunde tatu. Maandishi ndiyo yanayomfungia mtu mchezo, ndiyo yanayobeba pointi, na mwaka ule nusura yaamue bingwa. Mwamuzi, kwa maneno mengine, ni mwandishi. Ripoti yake huenda ndiyo maandishi yenye nguvu kuliko yote katika mpira wetu, na ndiyo pekee ambayo msomaji haruhusiwi kuyasoma.

Mkono na kalamu vinaweza kutofautiana hata kwa walio bora. Juni 22, 2006, mjini Stuttgart, Graham Poll, mmoja wa waamuzi wakubwa wa Uingereza, alimwonyesha Josip Šimunić wa Croatia kadi tatu za njano katika mchezo mmoja. Tatu! Ya pili hakumtoa, kwa sababu kadi moja aliiandika kwa mchezaji namba 3 wa Australia badala ya namba 3 wa Croatia. Dunia nzima ilicheka, Poll akarudishwa kwao, na yakaisha. Lakini angalia: tunajua kosa lilikuwa wapi. Tunajua hata safu ya kijitabu alimoandika. Hakuna Mcroatia wala Mwaustralia anayesimulia kwamba Poll alipewa bahasha. Kosa likielezwa linakuwa kosa. Lisipoelezwa, watu watalimalizia wenyewe, na watalimalizia kwa bahasha.

Nayaandika haya nikiwa Milola, msimu wa ufuta. Jioni watu wanajaa kibanda umiza, mabenchi yamebanana, na nusu ya vijana wana mikeka kwenye simu. Juzi katika mechi moja ya ligi, ambayo sina haja ya kuitaja, kiungo akaonyeshwa njano. Mtangazaji wa televisheni akasema ni kwa kuchelewesha mpira. Jamaa mmoja aliyekuwa anasikiliza redio sikioni akasema huko wametangaza ni kwa kumjibu mwamuzi. Kijana wa mbele akasimama: "Refa kala hela huyu!" Mzee mmoja akamvuta shati akae.

"Mjukuu wangu, umemwona akila?"

"Babu, si wote tumeona hapa?"

"Mmeona kadi. Aliyoiandika mmeisoma?"

Kijana hakuwa na jibu, na mimi mwenye shahada ya uandishi wa habari sikuwa nalo pia. Hakuna mahali pa kwenda kuisoma.

Mzee yule ana haki ya kuuliza hivyo, kwa sababu amezoea kuuliza hivyohivyo kwenye ghala. Mkulima wa hapa akipeleka gunia lake chama cha msingi, linapimwa na anaondoka na karatasi ya kilo zake. Siku ya mnada bei za wanunuzi zinawekwa hadharani, na wakulima ndio wanaosema tumekubali au hatuuzi. Mfumo wa stakabadhi ghalani una matatizo yake, na ukitaka kuyasikia njoo ukae Milola robo saa tu: makato, malipo kuchelewa, mizani. Lakini hata anayeulalamikia kuliko wote analalamika akiwa na karatasi mkononi. Anaonyesha kidole kwenye mstari. Anasema hapa, kilo hizi, zimekwenda wapi? Mali bila daftari hupotea bila habari, wahenga walishasema, na watu wasioweza kupoteza kilo mbili za ufuta bila kupewa karatasi tunawaambia wakubali kupoteza ubingwa kwa neno la mtu.

Hata ligi za mchangani, ambako zawadi ni mbuzi na kadi pengine imekatwa kwenye boksi la sabuni, katibu anakaa pembeni ya uwanja na kaunta buku. Ukibisha unaitwa, unaonyeshwa. Unaweza ukaendelea kubisha, lakini sasa unabishana na mwandiko.

Wakubwa watasema wao hutoa taarifa. Ni kweli, hutoa, na mimi huzisoma zote, maana kusoma ndiyo kazi yangu. Ni fasihi ya aina yake. Mwamuzi fulani ameondolewa kwenye ratiba kwa mizunguko kadhaa kwa kushindwa kutafsiri vema sheria za mpira wa miguu. Basi. Sheria ipi? Ziko 17. Alitafsirije, na tafsiri sahihi ilikuwa ipi? Mhariri yeyote akiletewa makala ya namna hiyo atairudisha. Mwamuzi amechomwa jua mbele ya nchi nzima bila kuelezwa kosa lake, shabiki amepewa mtu wa kumtukana bila kupewa cha kujifunza, na wiki ijayo mwamuzi mwingine anaingia uwanjani na kuitafsiri sheria ileile vilevile. Tuna mashabiki waliofuatilia ligi miaka 20 na bado wanaamini mpira ukigusa mkono tu ni penalti. Wangejulia wapi?

Nimewahi kuambiwa kwamba ripoti zikianikwa, mashabiki watawavamia waamuzi. Hivi sasa hawawavamii? Oktoba 1, 2016, msimu huohuo wa Fakhi, Yanga na Simba walitoka 1-1 Uwanja wa Taifa. Bao la Amissi Tambwe lililalamikiwa kuwa la mkono, nahodha wa Simba Jonas Mkude akalimwa nyekundu, na viti vikang'olewa jukwaani. Nape Nnauye, jirani yetu hapa, mbunge wa Mtama, ndiye alikuwa waziri mwenye dhamana ya michezo, akazizuia timu zote mbili kuutumia uwanja ule. Baadaye kadi ya Mkude ikafutwa. Viti vilikuwa vimeshang'olewa. Simtetei aliyeng'oa kiti, ni uhuni na alistahili kushtakiwa. Nasema tu kwamba usiri haukumlinda mwamuzi hata kidogo siku ile.

Wengine wanasema dawa ni VAR. Aprili 5, 2024, Pretoria, Yanga dhidi ya Mamelodi Sundowns, robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika. VAR ilikuwepo. Shuti la Stephane Aziz Ki likagonga mwamba, likadunda kwenye mstari, au nje ya mstari, au ndani, kutegemea nani anasimulia. Bao likakataliwa, Yanga wakatolewa kwa penalti 3-2. Mashine ilikuwepo, picha zilikuwepo, na bado watu wa Jangwani wanaliota lile bao usiku, kwa sababu hakuna aliyesimama siku ile akawaonyesha mstari na kuwaambia mpira uliishia hapa. Wenzetu wameshaliona pengo hilo. Kombe la Dunia la Wanawake la 2023 waamuzi walikuwa wakitangaza uamuzi wa VAR kwa kipaza sauti, uwanja mzima unasikia. Uingereza tangu 2023 wanarusha sauti za waamuzi na wasaidizi wao wakijadiliana, na mkuu wa waamuzi anakaa kwenye televisheni kusema hapa tulikosea, hapa hatukukosea. Mashabiki wao hawajaacha kutukana. Ila wanatukana wakijua wanachokitukana.

Halafu kuna hii dawa mpya ya kuagiza waamuzi. Juni 25, 2025 dabi ya Kariakoo, baada ya vurugu zote za kuahirishwa mwezi Machi, ilichezeshwa na waamuzi kutoka Misri. Yanga wakashinda 2-0. Sina neno na Wamisri, walifanya kazi yao na kupanda ndege. Lakini tumefika mahali ambapo nchi yenye waamuzi wa FIFA inaona ni rahisi kumleta mtu kutoka Cairo kuliko kubandika karatasi moja ukutani. Na Mmisri huyo haji Ruangwa. Haji Namungo anapocheza Uwanja wa Majaliwa siku ya Jumatano na timu inayopigania kutoshuka daraja, ambako kadi inayomfungia beki mmoja mchezo inauma kuliko Kariakoo, kwa kuwa benchi ni fupi na mbadala wake ni kijana aliyepandishwa jana kutoka timu ya vijana.

Ninachodai ni kidogo kiasi cha kuonea aibu. Ndani ya saa 24 baada ya kila mchezo wa Ligi Kuu, Bodi ya Ligi iweke hadharani ukurasa mmoja kutoka kwenye ripoti ya mwamuzi: nani kaonyeshwa kadi, dakika ya ngapi, kwa kosa gani, na sasa amefikisha ngapi. Mambo ya usalama na ya watoto yabaki faraghani, sawa. Na usiniambie hesabu za kadi zipo kwenye programu za simu. Hizo zimeandikwa na mtu aliyekuwa anaangalia mpira kama wewe na mimi. Mwaka 2017 kila upande ulikuwa na hesabu zake za namna hiyo, na ndizo zilizotufikisha kwenye kamati. Klabu zipewe saa 48 kupinga kilichoandikwa, kabla mchezaji hajashuka tena uwanjani, na baada ya hapo mlango ufungwe. Fakhi asingefika Aprili akiwa na kadi ya Januari inayobishaniwa.

Ukurasa mmoja, jamani. Mtandao wa simu umefika hadi Milola.

Na wakishaanza na za msimu huu, watutolee pia ile ya Kagera Sugar na African Lyon. Fakhi mwenyewe ana haki ya kuiona. Kama ina mstari wenye jina lake, tuusome. Kama haina, tuone karatasi isiyo na mstari huo.