Hajashika Mbili, Ameshika Moja

Jumapili iliyopita mhubiri wetu aliwageukia vijana waliohitimu vyuo akawaasa washike fani moja mpaka kustaafu, maana mshika mbili moja humponyoka. Kanisa zima likaitikia amina. Mimi sikuitikia. Pembeni yangu alikaa mpwa wangu, ameinamisha kichwa.

Binti huyu alisomea uhandisi wa mitambo, akafanya kazi kwenye kiwanda chenye mashine zinazoongozwa na kompyuta, kisha akarudi darasani kusomea mipango miji. Sasa anaomba kazi za maendeleo ya uchumi, na kwenye usaili mmoja aliulizwa, "Wewe hasa ni nani?" Ni mtu aliyeona lori la kontena la futi 40 likishindwa kukata kona ya kuingia kiwandani, mzigo ukashushwa barabarani na kumaliziwa kwa mikokoteni. Ameona mafundi wa zamu ya jioni wakilala juu ya maboksi kwa kuwa daladala zimekwisha. Nani mwingine kwenye usaili ule alikuwa anayajua hayo?

Kiwanda, mji na uchumi ni kitu kimoja. Mpwa wangu hajashika mbili, ameshika moja.

Mtazameni Jaime Lerner wa Brazili. Alikuwa msanifu majengo, akawa meya wa Curitiba mwaka 1971. Mwaka 1973 mji ule ukaanzisha eneo lake kubwa la viwanda, na mwaka uliofuata mabasi ya haraka yakaanza kukimbia kwenye njia zao wenyewe. Baadaye Volvo wakajenga kiwanda mlemle Curitiba, na mabasi marefu ya vipande vitatu yakaundwa hapohapo yalipohitajika. Lerner akaja kuwa gavana wa jimbo la Paraná, na katika uongozi wake Renault nao wakafungua kiwanda. Kama angemsikiliza mhubiri wetu, angebaki kuchora nyumba.

Sisi mwendokasi wetu ulianza Dar es Salaam mwaka 2016 kwa mabasi kutoka China, na karakana tukaijenga Jangwani, bondeni, ambako mvua kubwa ikinyesha maji yanayafuata mabasi humohumo. Mtu aliyewahi kufungua injini iliyoingia maji asingekubali kuweka karakana pale hata kwa dakika moja.

Wapo wanaoniuliza eti ningekubali daktari wa meno anipasue moyo. Hoja gani hii! Nani ameomba kupasua moyo wa mtu? Tunazungumzia barabara ya kuingia kiwandani, nao wanatuletea chumba cha upasuaji.

 

Halmashauri iliyotenga eneo la viwanda lisilo na maji, umeme wala njia ya daladala, ikakaa miaka ikishangaa mbona wawekezaji hawaji, imwite mpwa wangu hata kesho asubuhi. Na yule mjumbe wa usaili aliyemuuliza yeye hasa ni nani akae naye meza moja, ajifunze.