Bure kwa Nani?

Mwaka 2007 Karsten Legère, mtaalamu wa lugha za Kibantu wa Chuo Kikuu cha Göteborg, Sweden, alichapisha makala akiuliza kama Kividunda ni lugha iliyo katika hatari ya kutoweka. Makala hiyo ilitolewa Marekani, kwa Kiingereza, katika mkusanyo wa mada za mkutano wa isimu ya Afrika, nayo yasomeka bila malipo katika intaneti. Msomaji wa Göteborg huifungua mara moja. Mwanafunzi wa Vidunda, huko milimani wilayani Kilosa, hana budi kwanza awe na simu ifaayo, umeme, fedha za bando na mahali penye mtandao. Kisha awe amekimudu Kiingereza kiasi cha kufuata hoja za wanaisimu. Na lugha inayochunguzwa humo ni ya bibi yake!

Hapo ndipo wanapokosea wale wadhanio kwamba kitabu kikishawekwa mtandaoni bila bei, wajibu umekwisha. Fikra yao ina heshima yake. Tangu Michael Hart alipoanzisha Project Gutenberg mwaka 1971 katika Chuo Kikuu cha Illinois, makumi ya maelfu ya vitabu yamefunguliwa kwa umma. Taasisi ya Elimu Tanzania nayo inayo Maktaba Mtandao yenye vitabu vya kiada.

Wako walimu waondoao shida hii kwa kunakili kila wakipatacho na kugawiana katika simu. Nia ni njema. Lakini Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 humlinda mtunzi maishani mwake na miaka 50 baada ya kufa, na mtunzi wa Kiswahili, ambaye kwa kawaida hatajiriki kwa kalamu, ndiye aumiaye kwanza. Kusomwa bure si kunakiliwa bure.

Mtafiti yumo katika hali nyingine kabisa. Yeye hulipwa mshahara na chuo, wala haishi kwa kuuza nakala. Haki yadai aandike waziwazi kwamba kazi yake yaweza kunakiliwa, kutafsiriwa na kupigwa chapa. Ruhusa hiyo ikiwapo, mwalimu ashukaye Mikumi kwa shughuli zake aweza kuipakua katika kadi ya kumbukumbu iliyo ndogo kama ukucha, akapanda nayo Vidunda, ikasomwa na darasa zima pasipo mtandao. Akiongeza mtafiti huyo kurasa mbili za muhtasari kwa Kiswahili, kazi ya siku moja tu, hata bibi ataweza kusomewa yaliyoandikwa juu ya lugha yake, na kuyasahihisha.