Deni Nisilolijua

Wanachama wenzangu, niliwaahidi habari za kupika chapati kwenye jiko la umeme la bweni. Zitangoja. Mwezi uliopita nilinyimwa nyumba.

Ilikuwa nyumba ya vyumba viwili karibu na kituo cha basi, kodi naimudu, na mdogo wangu alikuwa njiani kuja kuanza masomo. Siku ya tatu nikaandikiwa kwamba ombi langu limekataliwa kwa sababu ya ripoti yangu ya mikopo. Nikacheka. Mimi na mikopo wapi na wapi? Kadi yangu ni moja, na huilipa yote kila mwezi.

Kwetu Kenya, jina likifika CRB, mara nyingi mwenyewe anajua alikopa wapi. Hapa Marekani deni laweza kukaa kwenye jina lako bila wewe kusikia lolote. Ila ukinyimwa nyumba kwa sababu ya ripoti, lazima uambiwe imetoka ofisi gani, na una siku 60 za kuiomba bure. Hata usiponyimwa kitu, ripoti za Equifax, Experian na TransUnion hupatikana bure kila wiki kupitia AnnualCreditReport.com.

Nikaifungua. Dola 143, zinadaiwa na kampuni ya kukusanya madeni nisiyowahi kuisikia. Asili yake ni modemu ya intaneti ya nyumba niliyohama, eti sikuirudisha. Niliirudisha kwa miguu yangu, theluji mpaka kwenye soksi! Barua zao zilikuwa zikienda kwenye anwani ya zamani.

Nikataka kulipa yaishe. Mwalimu mmoja wa klabu akanizuia: "Unalipa deni la nani?" Kulipa peke yake hakufuti rekodi, yaweza kubaki hadi miaka 7 tangu deni lilipoanza kuchelewa. Tena kwa deni kuukuu, katika majimbo mengi, ukilipa hata kidogo, muda wa kushtakiwa waweza kuanza upya.

Basi nikaandika barua mbili. Ya kwanza kwa wakusanya madeni: thibitisheni. Ukiwaandikia ndani ya siku 30 tangu upokee taarifa yao ya deni, wanapaswa kuacha kukudai mpaka walete uthibitisho. Ya pili kwa ofisi ya ripoti, kupinga. Hao kwa kawaida wana siku 30 za kuchunguza, na wasichoweza kuthibitisha wakiondoe. Zote nilizipeleka kwa rejista. Simu haina shahidi.

Na ushahidi? Mama yangu huweka kila risiti kwenye kopo la biskuti, hata za sukari. Siku ile ya modemu nilimpigia picha risiti nikamtumia kwa mzaha: "Mama, tia koponi." Yangu nilishaifuta. Yeye alikuwa nayo.

(Walio na bili za hospitali: tangu 2023 ofisi hizo tatu haziorodheshi madeni ya matibabu yaliyoanza chini ya dola 500. Ukiliona lako humo, lipinge.)

Siku ya 24 deni likafutwa. Nyumba ilikuwa imeshachukuliwa. Mdogo wangu analala kwenye godoro kando ya meza yangu, na chapati sasa ni zamu yake.